Boksi ya Breka Iko Ndani ya Kabati la Nguo? Soma Hii Kabla Upange Makoti Tena

Swali rahisi tu. Kwa keja yako, boksi ya breka iko wapi?

Si mita ya tokeni. Ile boksi ingine, iko na kamlango kadogo ka plastiki, ukiifungua unapata meni swichi na breka zimejipanga kwa laini moja kama meno. Mafundi huiita DB. Kama jibu lako ni "nyuma ya friji," ama "hapo kwa kona, juu ya suti kesi," ama "ndani ya kabati, nyuma ya makoti," basi hii stori ni yako kabisa.

Naelewa venye watu hufika hapo. Bedsita ni ndogo, kila ukuta uko na kazi, na hiyo boksi haipendezi kwa picha. Kuna wasee hata huifunika na kitambaa ndio keja ikae poa TikTok. Kuna wale walihamia nyumba wakapata tayari imejengewa kabati juu yake, na hakuna mtu aliwauliza. Shida ni moja: hiyo nafasi mbele ya boksi haikuachwa hapo bure. Ni njia ya mkono wako siku kitu kimeanza kuungua. Na siku fundi amekuja kurekebisha, hiyo nafasi ndio inaamua kama atatoka hapo akitembea.

Kwanza, hiyo boksi hufanya nini?

Stima yote ya nyumba yako hupitia hapo. Inaingia kutoka kwa mita, inafika meni swichi, halafu inagawanywa: breka moja ya taa, moja ya soketi, moja ya shawa ya stima, na kadhalika. Kila breka iko na kiwango chake. Ukivuta stima kupita hicho kiwango, inajizima ndio waya zisipate moto kupita kiasi. Waya mbili zikigusana vibaya, inazima haraka zaidi.

Kwa boksi zingine kuna kitu kingine kipana kidogo kiko na kitufe kimeandikwa T. Hiyo ni RCD, wasee wengi huijua kama "earth leakage". Kazi yake ni tofauti na ya breka. Yenyewe huangalia kama kuna stima inatoroka, mfano inapita kwa mwili wa mtu ikienda chini. Zile za nyumbani huwa zimesetiwa kuzima stima ikitoroka kama miliampia 30 hivi.

Hapo kuna kitu watu wengi hawajui. Shawa ya stima ya wati 5,500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23. Hiyo ni miliampia 23,000. Mkono wa binadamu unaweza kukaza na kukataa kuachilia waya kuanzia karibu miliampia 10. Kwa breka ya ampea 32, hizo 10 ni kama sarafu moja imeanguka kwa matatu imejaa: haiwezi hata kugundua. Kwa hivyo usidanganyike eti "si breka itazima tu." Breka inalinda waya. Wewe unalindwa na RCD, kama iko, kama inafanya kazi, na kama unaweza kufika kwa boksi.

Sasa, shida ya nguo ni gani?

Watu hufikiria moto wa stima lazima uanze na mlipuko mkubwa, cheche kila mahali kama sinema. Mara nyingi huanza polepole, bila kelele, kwa skrubu moja imelegea.

Tufanye hesabu kidogo, usitoroke. Waya ya shawa imefungwa kwa breka na skrubu. Labda fundi hakuikaza vizuri, ama imekuwa ikipata joto asubuhi na kupoa mchana kwa miaka mpaka ikalegea. Pale imelegea, stima inapata upinzani. Tuseme upinzani ni omu 0.1 tu, kitu kidogo sana. Joto linalotoka hapo ni ampea mara ampea mara upinzani: 23 mara 23 mara 0.1. Unapata karibu wati 53.

Unakumbuka zile balbu za zamani za wati 60, zile zilikuwa zinachoma vidole ukijaribu kuzitoa? Chukua joto karibu lote la hiyo balbu, ulifinye kwa skrubu moja, ndani ya boksi ya plastiki. Halafu mbele yake weka koti la sufi, gauni la nailoni, na mfuko wa nguo za mtumba umejaa mpaka juu.

Na breka? Breka inaona ampea 23. Yenyewe ni ya 32. Kwa macho yake kila kitu kiko sawa, juu hakuna stima imezidi na hakuna imetoroka. Skrubu itaendelea kuchoma plastiki polepole, siku baada ya siku, kila ukioga.

Nguo zinaharibu mambo kwa njia tatu. Zinashika moto haraka. Zinafunika boksi kama blanketi, joto linakosa pa kutokea. Na zinaficha dalili: hiyo rangi ya kahawia kando ya breka huioni, ule mlio wa "tsss" husikii, na ile harufu ya plastiki imeungua, yenye mara nyingi hufanana na samaki imeoza, inamezwa na nguo. Unagundua wakati moshi tayari unatoka chini ya mlango wa kabati.

Hapa ndio Wamarekani walitoa tepu meja

Hii mambo ya boksi kuwa kabatini si ya Nairobi pekee. Marekani imekuwa shida ya miaka mingi, juu nyumba zao nyingi za zamani ziko na paneli ndani ya kloseti. Ukiwa na kazini Dallas ama Minnesota, mwambie acheki, anaweza kuipata huko nyuma ya majaketi ya baridi.

Sababu ya kuwaangalia wao ni kwamba waliandika namba kamili. Wako na kitabu cha kanuni za stima kinaitwa National Electrical Code, kilianza 1897, na siku hizi hutolewa upya kila baada ya miaka 3. Kipengele cha 110.26 kinaongea kuhusu nafasi ya kufanyia kazi mbele ya boksi. Kwa lugha ya mtaa kinasema hivi:

Kina: kutoka uso wa boksi kuja mbele, acha inchi 36. Hiyo ni kama sentimita 91.

Upana: inchi 30, kama sentimita 76, ama upana wa boksi yenyewe kama ni kubwa kuliko hapo. Si lazima boksi ikae katikati ya hiyo nafasi, bora upana upatikane.

Urefu: kutoka sakafuni kwenda juu, futi 6 na nusu, karibu mita 2. Yaani mtu asimame wima, asifanye kazi akiwa amejikunja chini ya shelfu.

Mlango: lazima mlango wa boksi ufunguke angalau digrii 90. Ukigonga mlango wa kabati katikati, hiyo imefeli.

Taa: mahali pawe na mwanga wa kutosha. Fundi asishike tochi ya simu na meno.

Na ile kubwa kuliko zote: hiyo nafasi hairuhusiwi kuwa stoo. Hakuna cha "ni siku mbili tu nitatoa." Sheria inasema hapo ni pa kazi, si pa kuweka vitu.

Halafu kuna kipengele kingine, 240.24, kinakata mzizi wa fitina. Breka hazifai kukaa karibu na vitu vinavyoshika moto haraka, na mfano wanautaja wazi: kabati la nguo. Pia hazifai kukaa bafuni kwa nyumba za kuishi, wala juu ya ngazi za kupanda, juu ukipigwa ukiwa hapo utaanguka pia. Kwa hivyo hata kama kabati lako ni kubwa kama chumba, limetimiza sentimita zote, bado ni hapana kama ni la nguo.

Je, stoo ya kawaida, isiyo ya nguo? Hapo wanaweza kukubali, lakini nafasi yote mbele ya boksi ibaki tupu. Nyumba nyingi za zamani huko ziliachwa venye zilijengwa, juu kwa kawaida kanuni mpya hairudi nyuma. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha paneli ndio kimbembe huanza: mkaguzi anakuja na tepu, na mara nyingi kabati linahama ama paneli inahama.

Kwa nini sentimita 91 na si 50?

Kuna kitu mtu ambaye si fundi hawezi kujua. Hata ukizima meni swichi, si kila kitu ndani ya boksi kimekufa. Zile waya mbili nene zinazotoka kwa mita kuingia meni swichi bado ziko na stima mpaka mtu azime huko kwa mita. Kwa hivyo fundi akifungua kifuniko, mara nyingi kuna sehemu iko hai kabisa mbele ya uso wake. Na wakati mwingine lazima apime stima ikiwa imewashwa ndio ajue shida iko wapi.

Sasa muweke huyo fundi kwa kabati la kina cha sentimita 60, hanga za nguo zinamgusa kichwa, mgongo uko kwa mlango, mguu mmoja uko ndani ya ndoo. Mkono ukiteleza, hawezi kurudi nyuma. Akishtuka, kiwiko kinagonga ukuta na mkono unarudi pale pale kwa waya. Na kama ameshikwa na stima, wewe utamtolea wapi?

Sentimita 91 ni nafasi ya mtu kuvuta mkono wote na kupiga hatua moja nyuma. Sentimita 76 ni nafasi ya mabega na viwiko. Hizo namba zimetoka kwa mwili wa mtu.

Hapa kwetu inafaa kuwa hata zaidi

Hii sehemu shika vizuri. Zile sentimita 91 ni za nyumba ya Marekani, na stima yao si kama yetu. Soketi zao za kawaida ni volti 120. Wako na 240 pia, ya kuendesha jiko na vitu vizito, lakini wanaipata kwa waya mbili, na kila moja ikipimwa na ardhi ni 120 tu. Kwetu, waya moja tu ya laivu ikipimwa na ardhi ni volti 240. Ukiigusa ukiwa umesimama kwa sakafu, umepata mara mbili ya kile Mmarekani angepata.

Kanuni yao yenyewe inajua hiyo tofauti. Jedwali lake lina mstari wa volti 0 mpaka 150 kwa ardhi, hapo ndio sentimita 91. Mstari unaofuata ni wa volti 151 mpaka 600. Hapo, kama ukuta unaoangaliana na boksi ni wa zege, matofali ama taili, nafasi inapanda mpaka futi 3 na nusu, karibu sentimita 107. Sababu ni kwamba ukuta kama huo unahesabiwa kama ardhi. Mgongo wako ukigusa ukuta na mkono uko kwa waya, umekuwa daraja la stima.

Sasa angalia keja yako. Ukuta wa mawe. Sakafu ya taili. Volti 240. Kwa hesabu ya hao watu, korido yako nyembamba iko chini ya kiwango hata kabla uweke rafu ya viatu.

Kenya tunafuata nini basi?

Mfumo wetu wa stima tulirithi kwa Waingereza. Hiyo ndio maana plagi zetu ni za meno matatu na mafundi wetu wamesomea kanuni zenye mzizi wake ni BS 7671 ya Uingereza. Tofauti ni kwamba hiyo BS 7671 haitoi sentimita za mbele ya boksi ya nyumbani. Inasema tu boksi ifikike, na kuwe na nafasi ya kutosha ya kuiweka, kuiwasha na kuizima, kuikagua, kuipima na kuirekebisha. "Ya kutosha" ni neno lenye landlodi anaweza kulivuta kama chingamu. Ndio sababu namba za Wamarekani zinasaidia, hata kama si sheria hapa: zinakupea kitu cha kupima.

Waingereza wako na mawili ya kuiba pia. Moja, kuanzia Januari 2016 boksi mpya za nyumbani huko lazima ziwe za kitu kisichoshika moto, kama chuma, ama zikae ndani ya kabati la kitu kisichoshika moto. Si mbao, si MDF. Kilichowasukuma ni moto uliokuwa unaanza kwa boksi za plastiki, na chanzo kimoja kikubwa ni hizo skrubu zimelegea. Mbili, kwa nyumba mpya England, swichi za boksi hukaa kati ya sentimita 135 na 145 kutoka sakafuni, ndio mtu yeyote azifikie bila kupanda kiti.

Na upande wetu, sheria iko wazi kwa kitu kimoja: kazi ya stima ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Hiyo iko chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Nyumba mpya ikitaka kuunganishwa na Kenya Power, lazima fundi mwenye leseni aweke sahihi kwa cheti kwamba waya ziko sawa. Kwa hivyo ule msee wa mtaa anayejua "kuunga tu" hafai kuguza hiyo boksi, hata kama anachaji soo tatu.

Umekodi na huwezi hamisha boksi. Ufanye nini?

Ukweli ni kwamba wengi wetu hatutahamisha boksi. Si nyumba yetu, na pesa hakuna. Lakini nafasi ni yako, na kuisafisha ni bure. Anza leo jioni:

1. Pima. Huna tepu? Karatasi ya A4 iko na urefu wa karibu sentimita 30. Panga tatu kwa urefu kutoka uso wa boksi kuja mbele: hiyo ni karibu 89. Ongeza upana wa vidole viwili, umefika 91. Kwa upana, karatasi mbili na nusu ni karibu 75. Kila kitu kiko ndani ya hiyo mstatili kinafaa kutoka.

2. Kama boksi iko ndani ya kabati, hicho kipande cha kabati kimestaafu kazi ya nguo. Toa hanga, toa shelfu ya juu kama inafunguka, na usiweke chochote mbele ya boksi wala chini yake. Najua inauma. Kabati la nusu ni afadhali kuliko kukosa kabati, nguo na keja kwa usiku mmoja.

3. Mtungi wa gesi usikae chini ya boksi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia chini kama maji, na swichi yoyote ikibonyezwa inaweza toa cheche ndogo ndani. Kwa bedsita hizi vitu viwili hupenda kuwa kona moja. Vitenganishe.

4. Friji, kochi na kitanda visifunge mlango wa boksi. Jaribu kuufungua. Kama haufiki digrii 90, sogeza.

5. Andika kila breka inafanya nini. Kipande cha karatasi na selotepu: TAA, SOKETI, SHAWA. Mgeni aliyelala kwako ajue ya kuzima.

6. Bonyeza kile kitufe cha T kila baada ya miezi michache. Stima inafaa kuzimika papo hapo. Isipozimika, hiyo RCD ni pambo tu, ita fundi.

7. Fanya jaribio la giza. Usiku, zima taa zote, kaa kwa kitanda, halafu enda mpaka kwa meni swichi bila tochi. Hesabu mpaka kumi. Ukifika kumi bado unasukuma suti kesi, rudi namba moja.

Kuna kitu kimoja usifanye: usifungue skrubu za kifuniko cha boksi kuangalia ndani. Kamlango ka nje ni kako. Ndani ni kwa fundi.

Na kama boksi ama meni swichi yako iko chini kwa geti, imefungwa na kufuli, na funguo iko kwa keateka pekee? Hiyo nayo ni shida ya nafasi, ni vile tu imevaa kofia ingine. Kanuni ya Marekani inasema mtu anayeishi kwa nyumba afikie breka zake kwa urahisi, isipokuwa jengo liwe na wasimamizi wake wa kila wakati. Kama keateka wenu huenda shags wikendi, ploti yote imebaki bila swichi. Ombeni funguo ya pili ikae mahali wapangaji wanajua.

Kuongea na landlodi bila kuanzisha vita

Ukiona rangi ya kahawia kando ya breka, ukisikia mlio, ukinusa samaki na hakuna mtu amepika, ama taa zinafifia kila shawa ikiwashwa, usingoje mwisho wa mwezi. Zima breka ya hiyo sehemu kama unaifikia salama, piga picha, na utume meseji. Andika, usipige simu tu, ndio kuwe na rekodi. Kitu kama hiki:

"Habari yako mama. Ni mimi wa nyumba B4. Boksi ya stima iko ndani ya kabati la nguo na nimeona imeanza kuungua kando ya breka ya shawa. Nimezima shawa na nimekutumia picha. Naomba utume fundi mwenye leseni ya EPRA aikague leo ama kesho, juu inaweza kuchoma nyumba. Asante sana."

Heshima, shida, picha, ombi. Kama ni mzee, anza na "Habari yako mzee." Usianze na vitisho vya sheria. Landlodi wengi hawataki kusikia kuhusu usalama wako, lakini neno "kuchoma nyumba" wanalisikia vizuri sana, juu nyumba ni yao.

Fundi akikuja, muulize leseni. EPRA wako na orodha ya mafundi wenye leseni mtandaoni, unaweza kucheki jina. Muombe akaze skrubu zote, apime RCD, na aseme kama boksi inaweza kuhamishwa. Hata kama jibu ni "baadaye," sasa landlodi amesikia kutoka kwa mtu wa kazi.

Kama mnajenga, hapa ndio bei rahisi

Kuna wale wanajengea mathe nyumba shags, ama wamepata kaploti Kitengela ama Juja. Nyinyi ndio mko na bahati. Kuhamisha boksi kwa karatasi ya plani ni kufuta na kuchora. Kuihamisha baada ya plasta na rangi ni kuvunja ukuta, kuvuta waya upya na kulipa fundi mara mbili.

Kabla mtu achimbe ukuta, simama na fundi hapo sait na umuulize mambo matano. Boksi itakuwa wapi? Kabati la nguo, bafu ama jikoni juu ya jiko? Kataa. Mbele yake kutakuwa na mita moja tupu, hata baada ya fanicha kuingia? Swichi zitafika kifuani mwa mtu mzima, si juu ya mlango? Kuna taa karibu? Na boksi ni ya chuma ama ya plastiki? Korido pana, sebule karibu na mlango wa kuingia, hizo ni sehemu poa. Seremala akikuja baadaye na wazo la kujaza ukuta wote makabati, mwambie hapo kwa boksi ni marufuku.

Siku mambo imeharibika

Kama umenusa harufu ya plastiki lakini hakuna moshi wala moto, na mikono yako ni mikavu: zima meni swichi na mkono mmoja, usiiwashe tena, ita fundi. Kama unafikiri shida ni ya laini ya Kenya Power ama mita, namba yao ni 97771.

Kama tayari kuna moshi mzito ama moto kwa boksi, usipigane na kabati kutafuta swichi. Toka, funga mlango nyuma yako, piga kelele majirani watoke, piga 999 ama 112. Usimwage maji kwa boksi, kamwe.

Kama mtu ameshikwa na stima, usimguse, juu utaungana naye. Kimbilia meni swichi kwanza. Kama huifikii, msukume na kitu kikavu cha mbao kama mti wa ufagio. Halafu ita msaada.

Na kama unachonusa ni gesi, usiguse swichi yoyote, hata meni. Fungua madirisha na mlango, toka nje, ndio upige simu.

Ukiangalia hizo hali, mbili kati yake zinategemea kitu kimoja: unafika kwa swichi ama hufiki. Hapo hakuna wakati wa kutoa makoti moja moja.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, inuka, fungua hilo kabati, na uhesabu karatasi tatu za A4. Halafu shea hii kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, juu moto wa B4 hauulizi kama B5 walisafisha yao.